Wanafunzi wangu wanasema "I didn't went" na "borrow me money", nawaelezaje kwa Kiswahili waelewe?

mwl_wa_jioni (Nsambya, Kampala)

Habari zenu wote. Nafundisha kiingereza jioni kwa kikundi cha watu wazima hapa Nsambya, wengi ni Wakongo wa Bukavu na Goma, wachache wa kwetu Arua, Warundi wawili, na Kiswahili ndo kinatuunganisha sote pale ndani. Kuna kina mama wanauza vitenge, mafundi cherehani, vijana wa boda, na kijana mmoja anajiandaa kwa IELTS, ule mtihani wa kupima kiingereza. Luganda wanakiokota barabarani taratibu lakini kiingereza wanakihitaji haraka, maana barua za ofisini, fomu za hospitali, shule ya watoto na intavyuu za kazi zote ni kiingereza.

Shida yangu siyo kwamba hawana bidii, bidii wanayo. Shida ni kitabu ninachotumia, kinaeleza makosa ya kiingereza kwa kiingereza kilekile ambacho mtu hajakijua, eti "the auxiliary takes the base form", sasa mama ametoka sokoni tangu alfajiri unamwambia hayo aelewe nini? Nikitafsiri ile sheria kwa Kiswahili neno kwa neno inakuwa mbaya zaidi.

Haya nimeyatoa kwenye madaftari yao wiki hii: "I didn't went to the market." "Teacher, borrow me 5,000." "My brother, she is sick." "I am hearing a bad smell." "Where are my moneys?" "I was married by him in 2015." "The baby has slept, don't make noise." Na ukimuuliza mtu "You haven't eaten?" anajibu "Yes", wewe unadhani ameshakula kumbe ana njaa.

Naomba msaada kwa wenye uzoefu. Nianze na makosa yapi? Nisahihishe kila mtu anapokosea au nimwache amalize? Na hiki kiingereza chetu cha Kampala, "you are lost", "well done" unamwambia mtu anayelima, nacho nikiite kosa?

mama_sarufi (Jinja)

Mwalimu, pole na kazi na hongera. Nimefundisha lugha zote mbili sekondari kwa muda mrefu na jambo ninaloliamini kabisa ni hili: chini ya karibu kila kosa uliloandika hapo kuna sentensi ya Kiswahili ambayo ni sahihi. Huyo mwanafunzi amefikiri vizuri, amefikiri kwa lugha yake, halafu akavalisha maneno ya kiingereza. Kwa hiyo kabla hujapiga kalamu nyekundu jiulize alitaka kusema nini kwa Kiswahili, ukiipata ile sentensi maelezo unayo tayari na huhitaji neno hata moja la kitaalamu.

Chukua "I didn't went". Waulize darasani, kwa Kiswahili tunasema "sikulienda"? Watacheka, watasema hapana, ni "sikuenda". Waulize kwa nini -li- imeondoka. Watafikiri kidogo na mmoja atakuambia, kwa sababu -ku- pale katikati tayari inaonyesha mambo yamepita. Basi, "did" ni ile -ku-. Imeshabeba wakati uliopita peke yake, "go" inarudi ilivyo, haibebi tena. "I didn't went" ni sawasawa na "sikulienda". Mtu akishaliona hilo kwa lugha yake mwenyewe hasahau, na hapohapo umemaliza "Did you went?" na "Does he goes?" maana ni ugonjwa mmoja.

Sasa ile s. Utasikia "he go" na "they goes" kwa mtu mmoja siku moja. Hiyo ya pili ina akili ndani yake: umemfundisha kwamba s ni ya wingi, book, books, kwa hiyo akiona watu wengi anaweka s kwenye kitenzi pia. Waambie wazi kwamba kuna s mbili tofauti. Ya kwenye jina inaonyesha vingi. Ya kwenye kitenzi inaonyesha mmoja, na huyo mmoja siyo mimi wala wewe, ni yule tunayemsema. Kwa Kiswahili hiyo kazi inafanywa na a- ya mwanzo, anaenda, anakula, anauza. Kiingereza kinaiweka mkiani. Kuna mwanafunzi atauliza kwa nini iko hapo tu na kwingine haipo, na swali hilo ni zuri usilipuuze. Zamani kiingereza kilikuwa na mikia mingi, wale wanaosoma Biblia ya King James ya mwaka 1611 kanisani wanaijua, "thou goest", "he leadeth". Mikia mingine yote ikadondoka, -eth ikapokelewa na -s iliyotoka kaskazini mwa Uingereza, na hiyo s ndo imebaki peke yake mpaka leo.

Halafu "the baby has slept". Hili ni zuri sana kulieleza maana Kiswahili kinasema "mtoto amelala", na -me- tumefundishwa shuleni kwamba ni "has". Lakini angalieni: amelala, amesimama, amekaa, amechoka, amevaa, hizo zote zinasema hali aliyonayo mtu sasa hivi, hazisemi tu jambo lililokwisha. Kiingereza kwa hali hizo kinatumia "is": "the baby is asleep", "he is standing", "she is sitting", "I am tired", "she is wearing a red dress". Hapa Uganda utasikia pia "she was putting on a red dress" kumaanisha alikuwa amevaa, Mwingereza anaelewa kwamba alikuwa anaivaa wakati uleule, mkono mmoja ndani mmoja nje.

Na -na- nayo ina mtego wake. "Nasoma" inaweza kuwa nasoma sasa hivi au nasoma kila siku, yote mawili. Kiingereza kinagawa, "I am reading" na "I read". Mwanafunzi akishazoea kuweka am na -ing anaweka kila mahali, "I am knowing him", "I am having two children", "I am understanding". Mpe kundi dogo la vitenzi ambavyo havitaki -ing vikiwa na maana yake ya kawaida: know, understand, believe, want, need, like, have ya kumiliki, hear. Hivyo anavikariri tu, sheria ndefu haitamsaidia.

Kingine cha nyakati kisha niache, "I have seen him yesterday". Kwa mazungumzo yetu ya huku mtu anasema "nimemuona jana" na hakuna anayeshtuka. Kwa kiingereza ukishataja wakati uliokwisha, jana, juzi, mwaka 2019, hiyo "have" inatoka, "I saw him yesterday". Lakini akisema tangu, "since", basi "have" inarudi: "I have lived here since 2019", siyo "I am living here since". Kiswahili kinasema "naishi hapa tangu 2019" kwa hiyo usishangae wakikosea hapo miezi na miezi.

Ya msamiati nitaandika baadaye jioni, wengine wachangie.

mshona_suti

Mama sarufi asante kwa hiyo ya sikulienda, nimekaa Uganda muda mrefu na hakuna aliyenielezea hivyo.

Mimi ni Mkongo, shule nimesoma kwa Kifaransa, kwa hiyo mwalimu naomba ukumbuke kwamba hao wanafunzi wako wa Bukavu wanabeba lugha mbili wakija kwako siyo moja. Kiswahili kinawavuta huku na Kifaransa kinawavuta kule, na wakati mwingine vyote vinavuta upande mmoja, hapo ndo kosa linakuwa gumu kutoka. Mfano umri. Kiswahili "nina miaka 30", Kifaransa "j'ai trente ans", zote zinasema mtu ana miaka, sasa kwa nini asiseme "I have 30 years"? Mwambie kiingereza umri siyo kitu unachomiliki, ni vile ulivyo, "I am 30".

Kwa Kifaransa kuna maneno yanayofanana sura lakini maana imeenda kwingine, haya yanaleta shida kubwa kuliko grama. "Actually" tunadhani ni sasa hivi, kumbe ni kwa kweli. "Library" tunadhani ni duka la vitabu, kumbe ni maktaba. "Formation" tunaandika kwenye CV tukimaanisha mafunzo, mwajiri haelewi, neno ni "training". "I assisted a meeting" tunamaanisha nilihudhuria, ni "attended". "Sensible" tunamaanisha mtu anayeumia haraka moyoni, kumbe wao wanamaanisha mtu mwenye busara.

Lakini linaloumiza kuliko yote ni "demand". "Demander" kwetu ni kuomba tu, kwa upole. Mtu anaenda ofisini kuomba msaada anasema "I demand you to help me", yule ofisa anasikia anaamriwa, uso unabadilika na mama wa watu hajui amekosea nini, anaona tu amechukiwa bure. Mwalimu hili fundisha wiki ya kwanza kabisa. "I would like to ask for", "could you please". Kosa la s hakuna atakayekufukuza kwa sababu yake, ila hili linaweza kukufungia mlango.

hoteli_busia

Nakubaliana na mshona suti kwamba makosa hayalingani. Mimi niko mapokezi ya hoteli hapa mpakani, namuona mgeni wa kila aina, na kwa upande wangu kuna mawili yanayoharibu kazi kweli kweli na hakuna hata moja kati yake utakayolikuta kwenye kitabu cha grama.

La kwanza ni saa. Sisi saa moja ni asubuhi jua likitoka, Waganda nao wanahesabu hivyohivyo, ssaawa emu. Kijana mpya kazini anamwambia mgeni "breakfast is at one" na yeye anamaanisha saa moja asubuhi. Mgeni anaamka anaenda zake anajua chakula ni mchana. Au mtu anaitwa intavyuu "at two" anafika saa mbili asubuhi, anakaa mpaka anachoka, au kinyume chake anaambiwa "at nine" anajua ni saa tisa anakuja mchana watu wameshafunga faili. Wafundishe kuhesabu kwa sauti: saa ya Kiswahili jumlisha sita au ondoa sita, saa tatu ni nine, saa tisa ni three. Na waambie wakiwa na shaka wataje asubuhi au mchana, "nine in the morning". Ukiangalia saa ya ukutani mshale uko palepale, ni sisi tunaosoma upande wa pili.

La pili ni hilo la "Yes" ulilolitaja. Kwa Kiswahili ukiniuliza "hujala?" nikijibu "ndiyo" nakubaliana na wewe, ndiyo, ni kweli, sijala. Kiingereza hakijali umeuliza vipi, kinaangalia jambo lenyewe. Kama umekula ni yes, kama hujala ni no, hata kama swali limekuja limekunjwa. Kwa hiyo "No, I haven't." Njia ya kuwaokoa haraka ni kuwazoesha wasijibu neno moja. Mgeni akiuliza "You don't have a room?" wewe sema "We have a room" au "We don't have a room", hapo hata kama yes na no zimekuchanganya, ujumbe umefika.

Kuhusu kiingereza cha Kampala mimi nasema kiache. "You are lost" kila mtu Uganda anaelewa ni mtu hujamuona siku nyingi, ni "umepotea" yetu na "wabula" ya Kiganda. "Well done" ni "gyebale". Kiingereza ni lugha rasmi hapa tangu uhuru wa 1962, watu wamekilea wamekizalia, sasa ukimwambia mama wa vitenge asiseme "extend" akitaka watu wasogee kwenye takisi atasema nini? Hakuna takisi Kampala ambayo hilo neno halifanyi kazi.

msahihishaji_mstaafu

Ndugu wa Busia nakuheshimu lakini hapo kwenye kuacha sikubaliani moja kwa moja. Nimesahihisha insha za watoto kwa muda mrefu, na mtoto anayeandika "she produced a baby boy" au "I first went home and first ate" anapoteza maksi kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna namna nyingine. Nyumbani anasikia hivyo, redioni anasikia hivyo, na mwalimu wake anasema hivyo. Mtoto huyo atakutana na msahihishaji, au na mwajiri aliyesoma nje, au na ubalozi, na wale hawajui "produced" ni amejifungua, wanajua kiwanda.

Sisemi tuwadharau watu. "Well done" kwa mtu anayefanya kazi ni adabu nzuri sana, Mwingereza hana salamu ya aina hiyo na amepungukiwa. Ninachosema ni mwanafunzi apewe vyote viwili na ajue mipaka yake. Gawa daftari kurasa mbili, upande mmoja andika tunachosema hapa, upande wa pili kinachoeleweka kokote. "You are lost" huku, "long time no see" kule. "Give me my balance" huku, "give me my change" kule. "I'm coming" ya mtu anayetoka mlangoni huku, "I'll be right back" kule, hiyo ya mwisho inawachanganya wageni vibaya maana mtu anasema nakuja na wewe unaona mgongo wake unaondoka. "Branch" huku, "turn" kule. "Off the light" huku, "turn off the light" kule.

Lakini kuna vitu ambavyo nisingeviweka ukurasa wowote zaidi ya makosa: "discuss about", "return back", "cope up with", "comprises of". Hayo siyo utamaduni wa mtu, ni neno la ziada limeingia. "We discussed the problem." "She returned." Yafute.

Swali lako la kusahihisha: mtu akiongea mwache amalize. Ukimkata kila sentensi atanyamaza, na mtu mzima akishanyamaza darasani wiki ijayo haji. Sikiliza, andika pembeni mawili tu, akimaliza rudia alichosema kwa njia sahihi kama unaendeleza mazungumzo. Akisema "yesterday I didn't went to market", wewe unasema "Oh, you didn't go? Why?" na atajirekebisha mwenyewe kwenye jibu. Kwenye kuandika hapo kuwa mkali zaidi, maandishi yanabaki. Huyo kijana wa IELTS mwambie kwamba kwenye kuongea sarufi ni robo tu ya alama, robo nyingine ni ufasaha na mpangilio, nyingine msamiati, nyingine matamshi, kwa hiyo akikaa kimya dakika nzima akitafuta s anapoteza kwingine.

mama_sarufi (Jinja)

Nimerudi. Mstaafu umesema vizuri, ile daftari ya kurasa mbili nitaiiba.

Msamiati sasa. Angalieni vitenzi vyetu vinavyofanya kazi nyingi kwa pamoja, hapo ndo makosa yamelala. Kusikia ni cha kwanza. Tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia maumivu. Kiingereza kimegawa kazi hiyo kwa watu tofauti: sauti ni "hear", harufu ni "smell", maumivu ni "feel", na njaa na baridi haina kusikia kabisa ni "I am hungry", "I am cold". Kwa hiyo "I am hearing a bad smell" inakuwa "I can smell something bad". Kina mama wanaokwenda kliniki wafundishe hili mapema, daktari akiambiwa "I am hearing my stomach" atafikiri tumbo linanguruma.

Kupiga ndo balaa. Tunapiga simu, pasi, picha, mswaki, kelele, na mvua nayo inatupiga. Kila kimoja kina neno lake: call, iron, take a picture, brush, make noise, na mvua ni "I got rained on". Usieleze, wape orodha waitumie. Kufungua na kufunga vilevile, wanaosema fungua redio na funga taa wataandika "open the radio" na "close the light", waambie vitu vya umeme ni "turn on" na "turn off", mlango na chupa ndo "open" na "close".

"Borrow me" ni rahisi kuliko watu wanavyodhani maana Kiswahili kinatofautisha: kukopa na kukopesha. Anayepokea anakopa, "borrow". Anayetoa anakopesha, "lend". Shida ni kwamba mtaani huku watu wameacha -sha wanasema "nikope elfu tano", kwa hiyo kwanza rudisha ile tofauti kwenye Kiswahili chenyewe halafu kiingereza kitafuata: "lend me 5,000". "Learn" na "teach" ni njia hiyohiyo, kujifunza na kufunza. Wakongo hapo wawe makini kwa sababu "apprendre" ya Kifaransa inabeba yote mawili.

"I was married by him" inatoka kwenye kuolewa moja kwa moja. Kwetu mume anaoa, mke anaolewa, kuna anayetenda na anayetendewa. Kiingereza hakina mgawanyo huo, wote wawili "marry", na ukitaja mwenzako ni "married to". Ukisema "I was married by him" wanaelewa huyo ndiye aliyefungisha ndoa, mchungaji au padri.

Sasa pesa. "Moneys", "informations", "equipments", "luggages", "hairs", "furnitures", yote ukiyaangalia kwa Kiswahili yapo kwenye wingi au yanachukua viungo vya wingi: pesa zangu, habari hizi, vifaa, mizigo, nywele zake, viti na meza. Mwanafunzi ameona zangu, amesikia vi-, ameweka s. Kiingereza kimeamua haya ni rundo moja lisilohesabika, kama sisi tunavyosema sukari au mchanga, hakuna masukari. Akitaka kuhesabu aweke kipimo mbele, "a piece of furniture", "two pieces of luggage". Na "news" ina s lakini ni moja, "the news is good".

Upande wa pili, na huu hausemwi sana, vipo vitu ambavyo kwetu ni kimoja na kwao ni viwili. Suruali ni moja, mkasi ni mmoja. Kwao ni "trousers", "scissors", "shorts", kwa sababu zina miguu miwili au makali mawili. Mafundi wako wa cherehani watayatumia kila siku, "these trousers are long", siyo "this trouser is long". Na polisi, hata akiwa mbele yako, "the police are coming" ni wingi, mmoja ni "a police officer".

mwl_wa_jioni (Nsambya, Kampala)

Banange, asanteni sana, nimekopi yote kwenye daftari. Jana nimejaribu ile ya "sikulienda" na mama mmoja akasema kwa sauti "kumbe did ndo inabeba!" na akaanza kusahihisha wenzake. Nina mawili yamebaki. La kwanza "a" na "the", Kiswahili hakina kabisa sasa naanzia wapi? La pili "in, on, at". Na kaka yake mtu bado ni "she", hilo nimeshalieleza hadi nimechoka.

mama_sarufi (Jinja)

Tunazo njia za kusema hayo, ila zimejificha. Hadithi zetu zinaanzaje? "Palikuwa na mtu mmoja." Halafu sentensi inayofuata, "yule mtu akaenda." Hapo una "a man" na "the man". Mara ya kwanza msikilizaji hamjui, ni mmoja. Mara ya pili anajulikana, ni yule. Waambie waandike hadithi fupi kwa Kiswahili, kila penye "mmoja" ya namna hiyo waweke "a", kila penye yule, ile, kile ya namna hiyo waweke "the". Wenye Kiswahili cha pwani una njia nyingine nzuri sana, "nimeona kitabu" na "nimekiona kitabu". Ile -ki- inasema ni kitabu tunachokijua, "I saw a book", "I saw the book". Kwa vitu tu lakini, maana watu tunawawekea -mw- hata kama hatuwajui, nimemwona mtu. Kwa Wakongo na watu wa Kampala njia hii haitafika mbali, wao shika "ile".

Haitamaliza kila kitu, kuna majina ya nchi na mito na mengine ya kukariri, "Uganda" haina "the" na "the Nile" inayo. Lakini itawatoa pale ambapo sasa wanabahatisha.

In, on, at, tatizo ni -ni yetu: mezani, nyumbani, sokoni, mfukoni, inafanya zote. Ila uliza swali la pili, ni humo, ni hapo, au ni juu? Mfukoni humo, ndani, "in my pocket". Kituoni hapo, mahali fulani panapojulikana, "at the stage" kama tunavyosema hapa Uganda. Mezani juu yake, "on the table". Mitego itabaki, tunasema "in the taxi" ila "on the bus", "on the boda".

msahihishaji_mstaafu

He na she usieleze tena mwalimu. Wanaelewa vizuri sana, ukimuuliza mama yeyote pale "she ni mwanamke au mwanaume" atajibu sawa. Ni mdomo haujazoea, kwa sababu yeye ni yeye kwa Kiswahili, kwa Kiganda na kwa karibu lugha zote za nyumbani kwao, hajawahi maishani kulazimika kuchagua kabla ya kuongea. Elezo la kumi halitasaidia, kinachosaidia ni mazoezi mafupi kila siku. Kila mtu aje na picha za familia kwenye simu, asimame dakika moja aseme juu ya mtu mmoja tu, baba mkwe wake kwa mfano, sentensi tano zote za "he". Kesho yake mama mkwe, tano za "she". Wiki ya tatu ndo awachanganye wote wawili kwenye habari moja. Wenzake wakisikia amekosea wanyanyue mkono tu bila kusema neno, ajirekebishe mwenyewe.

Baada ya hapo ingia "his" na "her", na hapo waliosoma Kifaransa watahitaji muda zaidi kwa sababu "son" na "sa" zinafuata kile kitu kinachomilikiwa. Ndo maana unasikia "she came with his husband", mume ni mwanaume basi anaweka his. Waulize kila mara, mume ni wa nani? Ni wa mama huyu. Basi "she came with her husband". Mke ni wa nani? Wa baba huyu, "he came with his wife". Anza na jozi hizo za mume na mke, kaka na dada, kabla ya kwenda kwenye nyumba na viatu.

mshona_suti

Mwalimu, darasa ni siku gani na saa ngapi? Nina mke na shemeji, niko Katwe siyo mbali, na wote wanasema "I demand".

mwl_wa_jioni (Nsambya, Kampala)

Waje tu kaka, Jumatatu mpaka Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Six in the evening.